Duck Hunt, Hogan's Alley au Point Blank: uchague gemu ipi ya kulenga shabaha?

Ukishaamua kwamba unataka bunduki ya mwanga, yaani ile ya kuchezea unayolenga nayo shabaha za gemu kwenye TV, swali linalofuata ni utaifyatulia nini. Gemu za shabaha za zamani ni nyingi, ila wengi wanaoanza hukwama kwenye tatu: Duck Hunt na Hogan's Alley za Nintendo, zote za mwaka 1984, na Point Blank ya Namco, iliyoanzia kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1994 kisha ikahamia PlayStation. Kwa mbali zinafanana: kitu kinatokea kwenye skrini, unakilenga, unavuta triga. Ukizicheza kwa zamu utaona kila moja inakudai kitu chake. Duck Hunt inadai mkono. Hogan's Alley inadai uamuzi. Point Blank inadai kichwa kinachogeuka haraka, na ikiwezekana mtu wa kushindana naye.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo matano. La kwanza ni vifaa na skrini, maana hapo ndipo watu wanapochoma pesa. La pili ni kile ambacho gemu inakipima hasa. La tatu, ugumu unapandaje. La nne, inafaa watu wangapi kwa pamoja. La tano, utamu unadumu kiasi gani kabla hujaanza kupiga miayo. Uzuri wa picha sikuuhesabu. Anayetafuta picha nzuri kwenye gemu ya mwaka 1984 amebisha hodi mlango usio wake.

Skrini kwanza, gemu baadaye

Kigezo cha kwanza kinazihusu zote tatu, kwa hiyo nakimaliza hapa kwa kirefu. Katika hali yake ya asili, kila moja inataka televisheni ya chogo, ile nene ya zamani. Hili si suala la kupenda vitu vya kale. Bunduki yenyewe haifanyi kazi bila chogo.

Wengi hudhani bunduki inarusha mwanga kwenda kwenye skrini. Ni kinyume chake. Ndani ya mtutu kuna lenzi na kihisi kinachopokea mwanga. Kwenye Zapper, bunduki ya Nintendo, ukivuta triga skrini nzima inageuka nyeusi kwa fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo, kisha mahali alipo bata panachorwa kisanduku cheupe. Kihisi kikiona giza halafu mwanga, umepiga. Kikiona giza tu, umekosa. Bata wakiwa wawili, kila mmoja anachorewa kisanduku chake katika fremu yake, na mashine inajua umempiga yupi kwa kuangalia mwanga umeingia katika fremu ipi. Kwa mashine za Marekani na Japani fremu moja ni sehemu ya 60 ya sekunde, ndiyo maana macho yako yanaambulia mpepeso tu.

Ile fremu nyeusi ya mwanzo ipo kwa sababu nzuri: inawanyima ujanja wanaolenga balbu ya taa. Balbu haizimiki pale unapovuta triga, kwa hiyo mashine inagundua kwamba huangalii skrini. Zaidi ya hapo, kihisi cha Zapper kimetegwa kiitikie mwanga wa chogo, ambao hupigapiga kwa sababu picha inachorwa mstari kwa mstari, mistari kama 15,700 kwa sekunde. TV bapa haichori hivyo. Tena huikalia picha kidogo kabla ya kuitoa, kwa hiyo mashine inapouliza kama mwanga umeonekana, kisanduku bado hakijafika kwenye kioo. Jibu linakuwa hapana kila mara, hata ukigusisha mtutu kwenye kioo chenyewe.

GunCon, bunduki ya Namco kwa ajili ya PlayStation, inatumia mbinu nyingine. Yenyewe inapima wakati ambapo mwale unaochora picha umepita mbele ya mtutu, na kutokana na wakati huo inajua ni nukta gani ya skrini umeilenga. Ndiyo maana ina waya wa ziada unaoungwa kwenye plagi ya njano ya video: bila huo haijui picha imeanza kuchorwa lini. Matokeo yake ni usahihi mkubwa kuliko wa Zapper, ila utegemezi wake kwa chogo ni uleule.

Tena si kila chogo linafaa. Yale ya miaka ya mwisho yaliyouzwa kwa sifa ya 100 Hz hupokea picha, huihifadhi, kisha huichora upya kwa kasi maradufu, na hapo hesabu yote ya bunduki inavurugika. Chogo la kawaida, zito na lisilo na mbwembwe, ndilo unalolitaka. Plasma na projekta sahau.

Kama huna chogo na huna mpango wa kulitafuta, bado kuna njia. Bunduki mpya kama Sinden hutumia kamera: programu inazungushia picha mpaka mweupe, kamera iliyo kwenye mtutu inauona mpaka huo, kisha inakokotoa unakolenga. Nyingine hutumia taa za infraredi zinazobandikwa kuzunguka TV. Kwa kawaida zinakwenda na emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, kwenye kompyuta, si na kaseti na mashine ya zamani moja kwa moja. Nintendo nayo iliiweka Duck Hunt kwenye Wii U mwaka 2014, ikichezwa kwa rimoti ya Wii, lakini duka la mtandaoni la mashine hiyo lilifunga mauzo Machi 2023. Hiyo imebaki kuwa faraja ya waliokwisha kuinunua. Kucheza kwa panya ya kompyuta inawezekana pia, ila kulenga kwa panya ni mchezo mwingine kabisa.

Na kabla hujawasha chochote: mwanga wa ghafla unaopepesa unaweza kumletea shida mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Uliza walio chumbani.

Duck Hunt

Vifaa. Hii ndiyo rahisi kuipata. Nintendo iliiuza kwa wingi ikiwa kwenye kaseti moja na Super Mario Bros., pamoja na mashine na bunduki, kwa hiyo nakala zilisambaa kweli kweli. Zapper zipo za kijivu na za rangi ya machungwa. Rangi ilibadilishwa Marekani ilipotakiwa bunduki za kuchezea zisifanane na za kweli. Kwenye kulenga hakuna tofauti, usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya rangi peke yake. Kitu kimoja cha kuangalia: bunduki inaingia tundu la pili la mashine, padi ya kushika mkononi tundu la kwanza. Kuna watu wamehukumu bunduki nzima kumbe wamechomeka kwingine.

Inapima nini. Mkono, na kusoma mwendo. Bata anaruka kutoka kwenye nyasi, anabadili mwelekeo, na una risasi tatu tu. Hakuna wa kumwonea huruma na hakuna cha kufikiria. Ukimpata anaganda hewani kitambo kidogo, macho yamemtoka, kisha anaporomoka, na mbwa anaibuka nyasini amemshika. Ukimkosa mbwa anaibuka vilevile, safari hii akicheka. Kicheko hicho kimewafanya watu wengi wajaribu kumfyatulia mbwa mwenyewe. Nyumbani haiwezekani, kwenye toleo la kumbi za michezo, Vs. Duck Hunt, inawezekana, na unaadhibiwa kwa hilo.

Aina ziko tatu: bata mmoja mmoja, bata wawili kwa pamoja, na sahani za udongo zinazorushwa kwenda mbali. Kwa maoni yangu hiyo ya sahani ndiyo bora na ndiyo inayosahauliwa. Sahani haichezi chenga kama bata, lakini inazidi kuwa ndogo kila sehemu ya sekunde unayositasita, kwa hiyo inakufundisha kufyatua mapema badala ya kungoja nafasi nzuri ambayo haiji.

Ugumu. Unapanda taratibu. Raundi moja ni bata 10, mwanzoni ukipata 6 unapita, na mbele zaidi kiwango kinapanda hadi utakiwe wote 10 huku kasi yao ikiongezeka. Mtoto anaweza kufurahia raundi za mwanzo bila kuelezwa chochote. Kwa mtu mzima mwenye mkono mwepesi, sehemu hiyo ya mwanzo ni ndefu kupita kiasi. Na hapa kuna ukweli ambao mashabiki hawapendi kuusema: ukisogea karibu sana na kioo, gemu inakwisha makali. Wekeni mstari sakafuni mkubaliane hakuna kuuvuka.

Wachezaji. Bunduki ni moja. Ila kwenye aina ya bata mmoja, mwenye padi anaweza kumwongoza bata mwenyewe, akamchezesha mlengaji chenga anavyotaka. Wengi hawalijui hili, na linaibadili gemu kabisa: bata wa mashine unaweza kumzoea, bata anayeendeshwa na mdogo wako anayekuchokoza huwezi.

Utamu. Ni wa vipindi vifupi. Dakika ishirini ni tamu, saa nzima ni adhabu.

Hogan's Alley

Vifaa. Mashine ileile, Zapper ileile, chogo lilelile. Kama una Duck Hunt inayofanya kazi, hapa unahitaji kaseti tu.

Inapima nini. Uamuzi, na zaidi ya yote kujizuia. Mbao tatu zilizochorwa watu zinaingia zikiwa zimekupa ubavu, nyembamba kama kadi, zinatulia, kisha zinageuka kwa pamoja kukutazama. Baadhi ni majambazi; wengine ni raia: mwanamke, profesa, polisi. Muda uliopewa unaonyeshwa mapema, na unapungua kadiri unavyoendelea. Ukimwacha jambazi, umekosa. Ukimpiga profesa, umekosa pia, na moyoni inauma zaidi.

Cha kuvutia ni kwamba kulenga kwenyewe ni rahisi, kwa sababu mbao ni kubwa na zimesimama. Kinachokuangusha ni kidole kinachotangulia jicho. Unamwona jambazi kushoto, unampiga, na kwa kasi hiyohiyo mkono unahamia katikati na kufyatua kabla hujasoma sura. Dawa yake kwenye hatua za mwanzo ni kuzisoma mbao zote tatu ndipo ufyatue ya kwanza. Baadaye muda haukuruhusu, na hapo ndipo gemu inapokuwa gemu.

Aina ya pili inakupitisha mtaani, mbao zikichomoza kwenye madirisha na kando ya majengo, kwa hiyo hujui itokee wapi. Ya tatu haina raia wala jambazi: makopo yanarushwa kutoka upande mmoja wa skrini, nawe unayapigisha danadana kwa risasi yasianguke, mpaka yatue kwenye rafu za upande wa pili, kila rafu na pointi zake. Ni mchezo mtamu usio na uhusiano wowote na mingine miwili, na nawajua watu wanaoinunua kaseti hii kwa ajili ya makopo tu.

Jina linawachanganya wengi. FBI ina mji wa bandia wa mafunzo huko Quantico unaoitwa hivyohivyo, lakini ulifunguliwa mwaka 1987, miaka mitatu baada ya gemu. Jina lilikuwa limeshatumika kwenye viwanja vya shabaha vya Marekani tangu zamani.

Ugumu. Unapanda haraka kuliko Duck Hunt, na hauna huruma: makosa 10 na mchezo umekwisha. Asiyependa kuadhibiwa kwa kosa la kufumba na kufumbua atachukia. Kwa upande mwingine, kusogea karibu na kioo hakukusaidii sana hapa, kwa kuwa tatizo lako halikuwa umbali.

Wachezaji. Mmoja. Mnaweza kupokezana bunduki na kulinganisha alama, lakini gemu yenyewe haina nafasi ya mtu wa pili.

Utamu. Aina mbili za mbao huanza kujirudia mapema, kwa sababu sura ni zilezile chache na ukishazikariri unatambua kwa rangi badala ya kutazama. Makopo ndiyo yanayodumu.

Point Blank

Vifaa. Hapa mzigo ni tofauti: PlayStation, CD ya gemu, GunCon, na waya wa video wa njano, maana bunduki inaungwa hapo. Ukitumia waya wa aina nyingine kupata picha safi zaidi, hakikisha kuna njia ya kuipatia bunduki ishara ya video, la sivyo haitajua inalenga wapi. PlayStation 2 nayo inaicheza CD hii na kuikubali GunCon, jambo linalorahisisha utafutaji. Kwa wawili mnahitaji bunduki mbili.

Inapima nini. Kila kitu kidogo kidogo. Huu ni mkusanyiko wa vichezo vya sekunde chache chache, vinavyoongozwa na vibonzo wawili, Dkt. Don na Dkt. Dan. Mara uyapige majambazi ya mbao na kuwaacha raia, ambayo kwa kweli ni Hogan's Alley nzima iliyobanwa ikawa hatua moja. Mara upige namba kwa mpangilio kuanzia ndogo. Mara uwalinde madaktari wenyewe wasidhurike. Kabla ya kila hatua unaelezwa kwa kifupi unatakiwa kufanya nini, na asiyesoma maelezo huumbuka.

Kuna hatua moja ambayo peke yake inatosha kueleza gemu hii. Unapewa risasi moja. Jani moja linaanguka likiyumba, kushoto, kulia, kushoto. Basi. Hakuna umati wa maadui wala saa inayokukimbiza, kuna jani na triga tu. Watu waliopiga shabaha 40 bila kutetereka hukosa jani, kwa sababu mara hii wamepewa nafasi ya kufikiria.

Ugumu. Unauchagua mwenyewe tangu mwanzo, kutoka mazoezi mepesi hadi kiwango cha kukutoa jasho. Kwangu hii ni faida kubwa kuliko inavyosifiwa: mgeni na mzoefu wanaweza kukaa chumba kimoja bila mmoja kumsubiri mwenzake.

Wachezaji. Wawili kwa wakati mmoja, na hapa gemu za mwaka 1984 haziigusi. Katika hatua nyingi shabaha zako zina rangi yako na za mwenzako zina yake, kwa hiyo kufyatua ovyo kunakuumiza mwenyewe. Toleo la PlayStation lina pia aina za mashindano kwa kundi, ambapo watu wanapokezana bunduki.

Utamu. Wa muda mrefu, hasa mkiwa wengi. Ukiwa peke yako kuna safari yenye hadithi ndani ya toleo la PlayStation, inayokutembeza kutoka kichezo hadi kichezo. Inapitisha muda, ila si sababu ya kuinunua. Udhaifu wake mmoja ni kwamba haikupi nafasi ya kuzama. Unapoanza kukipatia kichezo, kimeshakwisha.

Uchague kwa hali yako

Kama una chogo la kawaida na mashine ya Nintendo tayari, anza na Duck Hunt kwa kuwa ni rahisi kuipata, kisha ongeza Hogan's Alley ukishaona bata wamekuzoea. Zinakamilishana vizuri, na bunduki ni moja.

Kama wa kucheza ni watoto wadogo, Duck Hunt. Haihitaji kusoma neno lolote, kosa linaishia kwenye kicheko cha mbwa, na mzazi anaweza kushika padi akamwendesha bata polepole. Point Blank inaweza kuwafaa wanaojua kusoma maelezo mafupi, kwa kiwango chepesi.

Kama unacheza peke yako na unapenda kushindana na alama zako mwenyewe, Hogan's Alley inakufaa, hasa makopo. Mwenye hasira za karibu aende kwenye sahani za udongo za Duck Hunt. Ni kali, ila hazimwadhibu mtu kwa kumkosea raia.

Kama nyumba yako ina wageni kila wikiendi, Point Blank, na ukubali gharama ya bunduki ya pili tangu mwanzo. Ukiwa na bunduki moja unapoteza nusu ya sababu ya kuichagua.

Kama una TV bapa tu, agiza kwanza bunduki ya kamera au ya infraredi na uiunge na kompyuta. Ukishafika hapo tofauti za vifaa kati ya gemu hizi zinakufa, na utachagua kwa ladha peke yake. Usinunue Zapper wala GunCon ya zamani kwa matumaini kwamba TV yako itakubali. Haitakubali.

Na kama unanunua vya mtumba, usiridhike kusikia triga ikilia. Mlio wa triga unatoka hata kihisi kikiwa kimekufa. Omba uone shabaha ikipigwa kwenye chogo linalowaka. Muuzaji akisema aliijaribu na haikusoma, muulize alitumia TV gani kabla hujaikataa. Huenda bunduki ni nzima na ukaipata kwa bei ya mbovu.